Tangi la Bi Pasi

Jina la Bi Pasi alipewa na wenzake wa chumba cha kufulia cha hospitali, na halikuwa jina la sifa. Walilitunga kumsengenya. Alikuwa hawezi kuliachia shuka la mgonjwa mkunjo hata mmoja, hata kama anajua mgonjwa mwenyewe hamalizi wiki. "Huyo pasi yake," walisema, "ikikupitia hata makunyanzi ya uso yanatoka." Yeye akalisikia jina, akalipenda, akalibeba. Watoto wake wakiulizwa mtaani mama yenu nani, walijibu Bi Pasi, wala hawakuona haya.

Mume wake alikuwa mchimbaji. Visima, makaro, mashimo ya vyoo, misingi ya nyumba, na kaburi pia akiombwa. Huyo naye walimwita Sururu. Siku walipooana mtaa mzima ulicheka: "Sururu kaoa Pasi! Nyumba ya vyuma viwili, kelele tutazisikia mpaka huku."

Na zilisikika. Kila jioni mwanamume anarudi ana tope mpaka kwenye kope, na kila jioni mwanamke amesimama mlangoni na ndoo na kipande cha sabuni, kaziba njia kama askari wa geti.

"Hapo hapo! Usinikanyagie sakafu."

"Mke wangu, nimechoka."

"Uchovu hauchafui mtu. Vua."

Anavua, anamwagiwa maji, anasuguliwa mgongo kama sufuria iliyoungua, ndipo anaruhusiwa kwenda kula. Lakini usidhani mwanamke ndiye aliyetawala nyumba ile. Wapi wataishi, mtoto atasoma wapi, mbuzi yupi auzwe, neno la mwisho lilikuwa la Sururu, na akishalisema limesemwa. Bi Pasi alikuwa na mamlaka juu ya uchafu tu. Humo hakuingiliwa na mtu.

Wakazeeka hivyo. Mtoto wa kwanza, wa kiume, akaenda mjini akawa msimamizi wa ghala. Binti akaolewa, si mbali. Halafu asubuhi moja Sururu akainama kufunga kamba za buti, hakuinuka. Kiharusi kikamchukua upande wote wa kulia, na maneno kikamwachia machache ya kuhesabika, tena yanatoka vipande vipande kama kokoto mdomoni.

Wewe ambaye hujawahi kuuguza mtu mzima kitandani utadhani kazi ni kulisha. Kulisha si kitu. Kazi ni maji. Mtu asiyeinuka anaoshwa asubuhi, anaoshwa mchana, na usipomwosha mgongo unaoza ukiwa unauangalia. Shuka ni maji, vitambaa ni maji, godoro ni maji. Na bomba la mtaa liko chini ya kilima, na njia ya kurudi ni mlima. Bi Pasi alipanda na kushuka na ndoo kichwani, akakataa msaada wa kila mtu. Majirani wakija anawapokea kwa chai, anawaketisha sebuleni. Chumbani haingii mtu.

"Dada, tukusaidie hata kumgeuza," jirani wa upande wa ua alimwambia mara nyingi.

"Nimemgeuza tangu ujana wake. Namjua uzito."

Na chumba kile kilikuwa hakina harufu. Hilo hata adui zake walilisema. Ungeingia ungedhani ni chumba cha bibi harusi: shuka limenyooka, mzee kanyolewa ndevu, kucha zimekatwa. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake, na hakuwa na nyingine.

Siku aliyoteleza kilimani, ndoo ilikwenda huku na yeye kule, na bega likatoka mahali pake. Wasamaria walimpeleka hospitali. Alipowaambia kwamba mumewe yuko peke yake ndani, walidhani ni maumivu yanamsemesha. Binti alifika nyumbani alasiri akamkuta baba yake katika hali ambayo sitaiandika. Mzee alikuwa analia. Binti akampigia simu kaka yake.

Kikao kilifanyika sebuleni, mlango wa chumba ukiwa wazi ili mgonjwa asikie. Mwana alikaa kwenye kiti cha baba yake, na Bi Pasi aliliona hilo.

"Mama, hakuna anayekulaumu," alianza.

"Ukiona mtu ameanza hivyo, lawama inavaa viatu."

"Mama, tafadhali. Bega limetoka. Utabebaje maji? Baba namchukua mjini. Maji yako ndani ya nyumba, hospitali iko karibu. Na wewe twende, utalala na wajukuu."

"Mimi? Nikalale kwa mkwe, nikaombe sabuni kwa mkwe?"

"Basi baki, lakini baba anakwenda."

Bi Pasi akautazama mlango wa chumba. Kisha akasema, "Ugomvi wetu ni maji, sivyo? Si mimi, si nyumba. Ni maji."

"Ni maji, mama."

"Basi nitayaleta maji ndani. Nitazika tangi nyuma ya nyumba, niyakinge ya mvua, niweke pampu. Mvua zikianza njoo utazame. Ukikuta bomba linatoa maji bafuni, baba yako haendi popote mpaka Mungu amtake. Usipolikuta, mchukue, sitafungua mdomo."

Mwana akamwangalia dada yake, dada akaangalia sakafu. Kutoka chumbani Sururu akatoa neno moja, "Ha-pa." Mwana akakubali.

Bi Pasi akauza cherehani, akauza kabati la vioo na kipande chake cha shamba, akamwita fundi mmoja aliyeitwa Koki. Koki alikuwa fundi mzuri mwenye mdomo mrefu kuliko bomba. Alipima paa, akapima uwanja, akachagua mahali kati ya ukuta wa bafu na uzio. Vijana wake wakaanza kuchimba. Udongo wa pale ni wa mfinyanzi, mweusi, wa kushika jembe.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Binti alimtoa baba yake akiwa kwenye kiti, akamweka mlango wa nyuma apate hewa, na Sururu alipoliona shimo, jicho likafunguka. Tangu augue alikuwa hajatazama kitu namna ile. Kila siku akawa anadai kutolewa. Wachimbaji wakamzoea, wakaanza kumtania.

"Mzee, kona hii imekaa?"

Sururu anatikisa kichwa: haijakaa.

"Tuingie ndani zaidi?"

Anainua kidole cha mkono mzima: kidogo.

"Bosi kasema kidogo! Chimbeni, nyie, bosi ana macho!"

Na nusu ya uso wa Sururu inacheka. Bi Pasi aliyaona haya kutoka dirishani akapika uji huku anaimba. Alisema baadaye kwamba zile ndizo siku zake za mwisho za furaha, ila wakati ule alidhani ni za mwanzo.

Tangi likaletwa, la plastiki nyeusi, nene, lenye mgongo wa mviringo kama kiboko. Wakatandika mchanga chini, wakalishusha kwa kamba. Koki akalipiga kofi.

"Sasa, mama, kabla hatujarudisha udongo, linatakiwa maji. Tunamwaga ndani, tunafukia nje, tunamwaga, tunafukia, vikienda pamoja. Walau nusu tangi."

"Maji nitayatoa wapi? Si ndiyo sababu ya tangi?"

"Ya bwawani. Kuna jamaa ana trekta na pipa, analeta leo hii."

"Bwawa la ng'ombe?"

"Bwawa ni moja tu, mama."

Bi Pasi akaweka mkono kiunoni, ule mzima. "Wewe fundi, mle bwawani ng'ombe wanakunywa, wanakojoa, na mengine. Niyamwage humo? Nimwoshee mgonjwa wangu?"

"Tutayatoa baadaye kwa pampu. Tunasuuza, linakuwa safi."

"Usinifundishe kusuuza. Nimefua shuka za hospitali tangu hujazaliwa. Kitu kikishaloa uchafu mara ya kwanza, hata ukifue mpaka kichanike, doa lake mimi naliona. Maji ya kwanza kuingia humu yatakuwa ya mvua."

"Mama, sikiliza. Udongo huu ukishiba maji unakuwa uji. Tangi tupu ndani ya uji ni nini? Ni boya. Litakuja juu."

"Boya liko baharini. Hapa ni nyumbani kwangu. Na tangi lenyewe wanaume wanne wamehangaika kulishusha, litapanda lenyewe lina miguu?"

Vijana wakacheka. Pale mlangoni, kwenye kiti, Sururu akaanza kupiga mkono wa kiti kwa kiganja. "Ja-za," akasema. Uso ulikuwa umekakamaa. "Ja-za. Ja-za."

Asije mtu akakwambia Bi Pasi hakumwelewa mumewe. Alimwelewa vizuri sana. Alijua pia kwamba huyu mtu ameishi ndani ya mashimo, anajua udongo unavyogeuka. Lakini aliposikia lile neno, fupi, la amri, kama lilivyokuwa zamani, akaanza kuhesabu moyoni. Aliuza cherehani yeye. Shamba, yeye. Kilima na ndoo vyote vilikuwa vyake. Na hili lilikuwa jambo la uchafu, na kwenye uchafu neno la mwisho halijawahi kuwa la Sururu.

"Nyamaza, baba," alimwambia. "Maisha yako yote umeniletea tope mlangoni. Humu hulileti."

Koki akainua mabega. Alikuwa na kazi nyingine inamsubiri. "Haya, nyumba ni yako. Ila usiliache tupu mvua zikianza. Tone la kwanza liingie humo." Wakafukia, wakashindilia, wakaweka mfuniko. Wakafunga mifereji ya paa, bomba la kuingiza maji lenye chujio la kokoto na wavu, pampu ya kuzama ndani, waya wake, swichi ukutani, na tangi dogo juu ya mnara wa chuma, la kuteremsha maji bafuni.

Mvua ya kwanza ilipodondoka, watu wote walimtazamia Bi Pasi atacheza. Yeye alitoka na kitambaa cheupe, akakikunja vizuri, akakisokomeza kwenye mdomo wa bomba la kuingiza, akaliziba.

Alikuwa na hesabu yake. Paa limekaa kiangazi kizima na vumbi, mavi ya ndege na masizi. Nguo husuuzwa maji matatu. Basi paa nalo lisuuzwe mvua tatu, ya nne ndiyo iingie. Koki alikuwa ameweka bomba la pembeni la kumwaga maji machafu ya mwanzo, lakini Bi Pasi aliona ile ni kazi ya haraka, ya wanaume. Kwa hiyo maji ya paa zima, badala ya kuingia kwenye tangi, yakawa yanafurika kutoka kwenye mfereji na kumwagika pale pale chini, juu ya udongo uliofukiwa juzi.

Mvua ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Ya tatu haikukatika. Ilinyesha mchana, ikanyesha usiku, ikaamkia. Sururu kitandani alikuwa anasikia maji yanavyoanguka nje badala ya kulia ndani ya tangi. Akapiga ubao wa kitanda. "Fu-ngua. Ja-za."

"Kesho," alisema Bi Pasi, akiwa anakamua vitambaa. "Bado maji yana rangi. Kesho nitafungua."

Alikuwa na kitambaa mkononi aliposikia mlio. Haukuwa mlipuko. Ulikuwa mguno mrefu, kama ng'ombe anayejinyanyua kutoka matopeni. Kisha kikapasuka kitu ukutani. Akatoka mbio pekupeku.

Ardhi ilikuwa imevimba. Ikagawanyika, na ule mgongo mweusi ukatokea, unang'aa kwa mvua, unapanda polepole bila haraka yoyote, kama mtu aliyechoka kulala. Mabomba yakapinda, yakavunjika moja moja. Waya wa pampu ukakatika. Ukuta wa bafu, ambao msingi wake ulikuwa umeliegemea shimo, ukafunguka kutoka juu mpaka chini, halafu upande mmoja ukalala.

Jambo la kwanza alilolifanya Bi Pasi, kabla hajapiga kelele, kabla majirani hawajafika, ni kukimbilia lile bomba la kuingiza lililovunjika, akachomoa kitambaa chake, akakificha kifuani.

Koki alikuja na koti la mvua. Akainama, akachungulia ndani ya tangi, akainuka.

"Mama, limekauka. Mvua yote hii, tangi limekuwaje kavu?"

"Muulize Mungu."

Jirani alikuwa kwenye uzio. "Asiyesikia la mkuu," alianza.

"Malizia," Bi Pasi akamwambia, "halafu uone kama nina bega moja au mawili." Jirani hakumalizia.

Mwana alifika na gari la kukodi, kama walivyokubaliana. Si mtoto mbaya. Aliyaona yote, hakucheka, hakusema nilijua. Alisimama na miavuli yake miwili akatazama lile tangi lililokaa uwanjani na bafu lililolala, kisha akaingia chumbani akachuchumaa kando ya kitanda.

"Baba, imekuwaje hii?"

Bi Pasi alikuwa mlangoni. Kitambaa bado kilikuwa kifuani, kimemlowesha. Sururu alikuwa na maneno ya kutosha kulisema lile. Mawili tu yangetosha. Akamtazama mkewe kwa muda mrefu, kwa lile jicho lililopima mashimo, mpaka mke ndiye aliyetazama pembeni.

"Mvua," akasema Sururu.

Bi Pasi angevumilia matusi. Hata kofi angelivumilia. Lile neno hakulivumilia. Aligeuka akaenda jikoni akafungasha shuka za mgonjwa, moja juu ya moja, zimenyooka, na hakusaidia kumbeba. Alisimama kwenye mvua wakati wanampakia. Mwana akamwambia tena, "Mama, panda, twende wote." Akajibu, "Nitatengeneza bafu. Nitakuja kumchukua." Mkono mzima wa Sururu ulikuwa umeshika ukingo wa dirisha la gari. Bi Pasi akaukuta una uchafu kwenye kucha, akaufuta kwa ncha ya kanga, akaurudisha ndani.

Alifanya kama alivyosema, maana hajawahi kusema kitu akakiacha. Mvua zilipopungua alimwita Koki. Shimo likachimbwa upya, safari hii bila bosi mlangoni, na vijana walichimba kimya. Trekta ikaleta maji ya bwawani, yana rangi ya chai ya maziwa, na Bi Pasi mwenyewe akashika ndoo ya kwanza akaimwaga ndani ya tangi, harufu ikampanda puani. Wakamwaga, wakafukia, wakamwaga, wakafukia. Udongo ulipotulia wakayatoa kwa pampu kidogo kidogo huku mvua za mwisho zikiingia, na wakasuuza kuta zake. Tangi likatulia chini kama lililozaliwa pale. Bafu likajengwa. Asubuhi moja alibonyeza swichi, chini pakanguruma, akafungua koki ya bafuni: maji yakatoka, baridi, meupe, hayana doa.

Akapiga simu mjini.

"Maji yapo," alisema. Hakusalimu. "Mlete."

"Mama, shikamoo. Mama... baba amezoea huku."

"Amezoea nini?"

"Amezoea. Kuna mama tumemweka, ni muuguzi mstaafu. Anamwosha vizuri, anamfanyisha mazoezi. Daktari kasema asitikiswe na safari, kifua si kizuri."

Nyuma ya sauti yake Bi Pasi akasikia mwanamke anacheka na kusema, babu, inua mkono basi, babu mvivu wewe. Na maji yanamiminika kwenye beseni.

"Anamwosha na nini, huyo?"

"Na maji, mama. Na sabuni."

"Sabuni gani? Ngozi yake inawasha na sabuni ya harufu. Mwambie."

"Nitamwambia."

"Mpe simu baba yako."

Kulikuwa na mkwaruzo, kisha pumzi, nzito, yenye mlio ndani yake ambao zamani haukuwapo. Bi Pasi alikuwa amejiandaa kusema maneno mengi. Lile la kitambaa alikuwa amelipanga tangu wiki ile ya mvua, amelikunja na kulinyoosha. Sasa lilikataa kutoka.

"Tangi limejaa," alimwambia. "Nililijaza kama ulivyosema. Maji yapo bafuni, baba. Mengi."

Pumzi. Pumzi nyingine.

"Ma-ji," Sururu akasema, taratibu, si kwa ukali, kama mtu anayeuliza njia. "Ma-ji ya ni-ni?"

Alishika simu mpaka mwana akairudia, akasema mama, baba kachoka, tutapiga kesho.

Bafuni koki ilikuwa bado wazi. Beseni lilikuwa limejaa, maji yanapita ukingoni, yanaosha sakafu ambayo hakuna aliyeikanyaga, yanatoka kwa chini ya mlango mpaka uwanjani. Pampu inanguruma. Jirani akachungulia juu ya uzio.

"Dada! Dada Bi Pasi! Maji yako yanamwagika!"

Alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, simu iko mapajani, miguu iko ndani ya maji.

"Yaache," alisema, "yamwagike."